Sifuri Isiyoponya Draiva

Katika lugha ya C, kigeu cha kawaida (kisicho `static`) kinachotangazwa ndani ya fanksheni bila kupewa thamani hakianzi na sifuri. Hupewa nafasi kwenye kumbukumbu na kurithi masalia ya fanksheni iliyopita hapo kabla yake. Atakayekisoma kabla hakijajazwa atasoma takataka, na takataka hiyo hubadilika mashine kwa mashine.

Tuseme kuna draiva ya kihisio cha joto, yaani programu inayoiwezesha keneli kuwasiliana na kifaa hicho. Inaomba kipimo kutoka kwenye rejista, na jibu linatakiwa kuingia katika kigeu `val`. Waya ukilegea, ombi linashindwa na `val` inabaki haijaguswa. Mwandishi asipokagua kama ombi limefaulu, joto litakokotolewa kwa takataka. Mezani kwake haoni hitilafu yoyote, maana waya wake haulegei.

Wengi wakionywa na kompaila huandika `val = 0`, wakaendelea na shughuli nyingine. Onyo hunyamaza, kosa likabaki. Sasa draiva huenda ikatangaza nyuzi sifuri, feni ikapunguza kasi, na prosesa ikazidi kupata moto. Naiona hali hii kuwa mbaya kuliko ya kwanza: takataka huweza kumshtua mtu, lakini sifuri huaminika. Hatari huzidi kwenye `ret`, kigeu cha matokeo. Katika keneli ya Linux, 0 maana yake kazi imefaulu. Kosa hurudishwa kwa namba hasi kama `-EIO`. Kuianzisha `ret` kwa 0 ni kutangaza mafanikio kabla kazi haijafanyika.

Kompaila nayo hukosea. Onyo la GCC liitwalo `-Wmaybe-uninitialized` lilizimwa katika Linux 5.7, mwaka 2020, kwa kuwa lilishuku hata msimbo ulio salama. GCC 12 ya mwaka 2022 ilileta chaguo la kujaza sifuri vigeu vyote vya ndani. Liwashwe, kwani huzuia data za zamani kuvuja, ila haliwezi kujua joto halisi. Zana ya ukaguzi iitwayo KMSAN, iliyoingia Linux 6.1 mwishoni mwa 2022, hunasa kumbukumbu isiyojazwa pale inapotumika. Ni nzito, hivyo hubaki kwenye majaribio.

Kihisio chetu kinahitaji mistari miwili tu: kagua `ret` mara baada ya kusoma rejista, na ikiwa ni hasi, irudishe bila kuigusa `val`. Maelezo ya kiraka yataje njia iliyokuwa ikiiacha `val` bila kujazwa, ili mkaguzi aifuate mwenyewe.