Uzamili wa uhandisi wa mazingira? Anza na maji ya kwenu

Umehitimu uhandisi, kwenu ni Garissa, Wajir au Mandera, na sasa unawaza kurudi darasani kusomea uzamili wa uhandisi wa mazingira. Hongera. Lakini kabla hujajaza fomu, jiulize: ukimaliza, utatatua tatizo gani?

Wengi huchagua masomo kinyumenyume. Wanaokota yuniti zinazosemekana kuwa rahisi, kisha mwaka wa pili wanatapatapa kutafuta mada ya tasnifu. Karo imeshaliwa, muda umeyoyoma. Wewe anzia mwisho: chagua tatizo kwanza, yuniti zifuate.

Na matatizo huku hayatafutwi kwa tochi. Chukua mji wa Wajir. Maji ya visima yako karibu sana na uso wa ardhi, ndiyo maana kwa miaka mingi wakazi walitumia vyoo vya ndoo. Ukichimba choo cha shimo, uchafu unafika kisimani. Ukichagua tatizo hili, soma mambo mawili kwa pamoja: mwendo wa maji chini ya ardhi na usafishaji wa majitaka. Ukisoma moja tu, umejua nusu ya tatizo.

Nenda Dadaab. Kambi za wakimbizi zilizoanza mwaka 1991 hutegemea visima virefu vinavyochota maji ya hifadhi ya Merti, iliyo chini ya ardhi. Katikati maji ni matamu, pembeni yana chumvi. Je, tuchote kiasi gani bila kuivuta chumvi? Hapo unahitaji kemia ya maji na modeli za kompyuta.

Rudi Garissa mjini, ukingoni mwa Tana. Mvua ikizidi nyanda za juu na mabwawa ya Seven Forks yakifurika, maji hushuka mpaka huku, hata kama mjini hakujanyesha. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalikata barabara ya Nairobi, muda mfupi tu baada ya misimu mitano ya mvua kufeli mfululizo. Ukichagua mto, jipange kwa hidrolojia, takwimu na ramani za setilaiti.

Sasa panga ratiba. Kwa kawaida uzamili huchukua miaka miwili: wa kwanza masomo, wa pili utafiti. Weka hisabati, hidroliki na takwimu muhula wa kwanza, maana zingine zote zinaegemea hapo. Tafuta msimamizi mapema. Halafu tazama kalenda ya mvua: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Ukimaliza masomo wakati mvua imeshapita, utangoja msimu mwingine ndipo upime mafuriko.

Karo ikikulemea, usikate tamaa. Chuo Kikuu cha Afrika kina taasisi ya maji na nishati mjini Tlemcen, Algeria, inayofundisha uzamili wa uhandisi wa maji na kutoa ufadhili kwa vijana wa bara hili.

Mwisho, usidharau ulichonacho tayari. Mfugaji atakueleza kwa Kisomali ni kisima kipi kilibadilika ladha, na lini. Mtaalamu mgeni atahitaji mkalimani kuyasikia hayo. Wewe unahitaji daftari tu.