Gesi Kwenye Gari: Tusichome Pesa za Kikundi

Tuseme kikundi chenu kimechanga, mkanunua teksi ya petroli, na dereva wenu anafanya kazi Umoja, Nairobi. Siku moja anapiga simu: "Mama mwenyekiti, petroli imetumaliza. Kuna fundi huku anaweka mtungi wa gesi. Mnasemaje?" Kabla hamjatoa pesa, fahamuni haya.

Kwanza, gesi ni mbili. Gesi asilia hutoka ardhini. Hushindiliwa ndani ya mtungi mzito kwa nguvu karibu mara 100 ya ile ya hewa ya tairi. Wenzetu wa Dar es Salaam wanaitumia. Bomba kutoka Songo Songo lilianza kuwaletea gesi mwaka 2004, na leo bajaji na teksi hupanga foleni vituoni. Kilo moja ina nguvu karibu sawa na lita moja na nusu ya petroli. Sisi Kenya hatuna bomba kama hilo. Kwa hivyo fundi wa Umoja huenda anasema juu ya gesi ya kupikia.

Pili, hata gesi ya kupikia huendesha gari. Lakini ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, hukaa chini kwenye buti ikingoja cheche. Mtungi wa jikoni haukutengenezewa gari, usikubaliwe kamwe. Mtungi wa gari una vali za usalama, na hufungwa imara kwa vyuma.

Tatu, mahali pa kujaza. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, upande huo huo wa jiji. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakaumia, nyumba zikaungua. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kituo hicho. Gesi ya bei rahisi ya uchochoroni ina gharama yake.

Basi mwulizeni dereva: Fundi ana kibali? Mtungi una tarehe ya kupimwa? Utajaza wapi? Bima itakubali?

Halafu pigeni hesabu. Kwa mfano, kazi ikigharimu shilingi 60,000 na gari liokoe 300 kwa siku, pesa zitarudi baada ya siku 200 za kazi. Je, gari litadumu?

Dereva akikosa jibu hata la swali moja, pesa zikae benki kwanza.