NCHI JIRANI: RAMANI YA NAIROBI NA WANAOISOMEA CHUO KIKUU



Hakuna askari asiyejua thamani ya ramani. Katika mafunzo yake hufundishwa kwamba kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimeta mbili ni kilometa moja ya ardhi. Kwamba mistari ya kontua ikikaribiana pana mwinuko mkali. Na kwamba asiyejua aliposimama hawezi kuwaelekeza wenzake waje kumsaidia. Elimu hiyo ni mlango wa jiografia. Chuo kikuu huingia ndani zaidi, kikauliza watu wangapi wakae wapi juu ya ardhi hiyo, wapite njia gani, na maji yao machafu yaelekee wapi. Hapo ndipo jiografia inapoungana na mipango miji. Mzazi aliye kambini, ambaye kijana wake amechagua masomo hayo, huenda akajiuliza kama mwisho wake si kufundisha majina ya milima na mito tu. Kwa kumjibu, leo tutazame mji mkuu wa jirani zetu wa Kenya.

Nairobi haikuchaguliwa kuwa mji. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapo mwezi Mei 1899, maili 327 kutoka pwani, wahandisi walitaka mahali pa tambarare pa kuweka karakana kabla ya kuukabili mpando mkali wa kwenda Bonde la Ufa. Palikuwa na maji baridi, ambayo ndiyo maana ya jina lake kwa Kimaasai, lakini palikuwa pia na kinamasi. Mwaka 1902 tauni ilizuka na soko la Wahindi likachomwa moto. Madaktari wa serikali ya kikoloni walishauri mji uhamishiwe mahali pa juu penye kukauka. Winston Churchill, aliyepita huko mwaka 1907, aliandika kwamba wakati wa kuuhama ulikwisha kupita.

Mwanafunzi wa jiografia huanza na udongo. Upande wa magharibi wa Nairobi ni vilima vyenye udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki ni uwanda wa udongo mweusi, ambao mvua ikinyesha huvimba na kunata, na jua likiwaka hupasuka, hata misingi ya nyumba ikapata nyufa. Sasa mwanafunzi huyo akiiweka ramani ya udongo juu ya ramani ya makazi ya kikoloni, ataona kwamba mipaka yake inakaribia kulingana. Wazungu walikaa vilimani magharibi. Waafrika, waliohesabiwa kuwa vibarua wa kupita tu, walipangwa mashariki. Haya hayakutokea kwa bahati. Ripoti ya Profesa Simpson ya mwaka 1913 ilipendekeza rangi zitengwe kimakazi kwa hoja ya afya, na mpango mkuu wa mwaka 1948, uliotungwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ulijiita waziwazi mpango wa makao makuu ya koloni.

Mji uliopangwa kwa namna hiyo ulihitaji nguvu ili ukae kama ulivyochorwa. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza na polisi waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakaipekua mtaa baada ya mtaa, na watu zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu, wakapelekwa kizuizini. Msikilizaji mwenye ujuzi wa kijeshi atatambua mara moja kwamba mitaa iliyotengwa, yenye njia chache za kuingilia, ni rahisi kuzingirwa. Mchoro wa mji ulikuwa umekwisha kuifanya nusu ya kazi.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, ilibidi wapatikane watu wa kuchora upya. Katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970, ndugu zetu waliotaka uhandisi au usanifu wa majengo walikwenda Nairobi, kama Wakenya walivyokuja Dar es Salaam kusoma sheria. Mwanajiografia Profesa Simeon Ominde, yule aliyeongoza tume ya elimu ya Kenya ya mwaka 1964, alichapisha mwaka 1968 kitabu juu ya ardhi na uhamaji wa watu nchini humo. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha idara ya mipango ya miji na mikoa. Kwetu sisi, Chuo cha Ardhi kiliundwa mwaka 1972, nacho tangu 2007 ni chuo kikuu kamili.

Lakini watu waliwatangulia wataalamu. Hesabu ya mwaka 1969 ilikuta Nairobi wakazi 509,286. Ile ya 2019 ilikuta 4,397,073. Mpango wa ukuaji wa jiji uliotolewa mwaka 1973 ulitazama hadi mwaka 2000, na ulipokwisha muda wake jiji halikupata mpango mwingine mkuu hadi 2014. Katika pengo hilo watu walijipangia wenyewe, palipobaki, yaani mabondeni na kando ya viwanda.

Mahali pamoja pa namna hiyo ni Mukuru, kando ya Mto Ngong: kaya zipatazo 100,000 katika eneo lisilofika ekari 700. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba nyumba ikiungua, gari la zimamoto halifiki. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ililitangaza kuwa eneo maalumu la mipango, na vyuo vikuu, kikiwamo cha Nairobi, vikaingia kazini pamoja na chama cha wakazi wenyewe, Muungano wa Wanavijiji. Kaya ziliwekwa katika makundi ya kumikumi, jambo lisilo geni kwa msikilizaji wa Tanzania, ili kila kundi lisemewe katika mikutano. Swali gumu lilikuwa upana wa barabara. Upana wa kawaida wa vitabuni ungebomoa nyumba nyingi mno. Ikabidi vipimo vishushwe ili njia ipatikane na watu wabaki.

Utekelezaji uliangukia mikononi mwa askari. Kuanzia Machi 2020 hadi 2022 huduma kuu za jiji ziliongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi wa Jeshi la Anga la Kenya, na katika kipindi hicho Mukuru ilipata barabara za lami, mabomba ya maji na hospitali. Hata hivyo, Novemba 2021, sehemu ya Mukuru Kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha, na makumi ya maelfu ya watu wakakosa makazi. Mtaa mmoja, miaka ileile.

Kisha ikaja mvua ya mwaka 2024. Mito ya Nairobi hutoka magharibi palipoinuka ikashuka mashariki, kwa hiyo maji ya vilimani huishia katika mabonde ya Mathare na Mukuru. Watu walikufa. Serikali iliamuru walio ndani ya meta 30 za ukingo wahame, na mwezi Mei matingatinga yakaingia Mathare yakilindwa na polisi.

Meta 30 zinapimwa kutoka wapi? Kutoka kwenye maji ya kiangazi, au pale mafuriko makubwa yalipowahi kufika? Hapo kabla, sheria na kanuni mbalimbali za Kenya hazikukubaliana hata juu ya upana wenyewe: moja ilianzia meta 2, nyingine meta 6, zote zikiweza kufika 30. Askari anayesimama mbele ya mlango wa mama mwenye watoto, akiwa na amri mkononi, hana namna ya kujua nyumba ile imo ndani ya mstari au iko nje. Mstari huo huwekwa mapema, wakati wa kiangazi, na vijana wenye vyombo vya kupimia na vitabu vya kumbukumbu za mvua, wanaopita ukingoni wakiuliza wazee maji yalifika wapi, kisha wakasimika bikoni ambazo kila mkazi anaziona. Kijana anayesomea jiografia na mipango miji anasomea kazi hiyo.