Mlima Humjenga Aliyelala

Tarehe 26 Julai 2019, kwenye mlima wa Iseran nchini Ufaransa, Egan Bernal wa Kolombia aliwatoka wenzake akafika kileleni, mita 2,770 juu ya usawa wa bahari, akiwa amemwacha Julian Alaphilippe, aliyevaa jezi ya njano ya anayeongoza mashindano ya baiskeli, kwa kama dakika mbili. Mvua ya mawe na maporomoko ya tope yalikuwa yameifunga barabara ya mbele, hivyo waamuzi wakahesabu muda wa pale kileleni na jezi ikahamia kwa Bernal. Siku mbili baadaye akawa Mkolombia wa kwanza kutwaa Tour de France. Wengi walisema ushindi ule haukuwa wa ajabu: kijana amekulia Zipaquirá, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 2,650 hivi, amezoea.

Kuzoea huko ni kitu gani mwilini? Hewa ya mlimani ina kiwango kile kile cha oksijeni kama ya Tanga au Mombasa, takriban asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao ndio huisukuma oksijeni kutoka mapafuni iingie kwenye damu. Pale Iseran umepungua kwa zaidi ya robo.

Tena bingwa huumia kuliko mtu wa kawaida. Moyo wake unaweza kusukuma zaidi ya lita 30 za damu kwa dakika, na damu hiyo hupita mapafuni kwa kasi kubwa mno. Pwani oksijeni huwahi kuingia, ingawa kwa shida. Mlimani damu huondoka haijajaa, kama daladala inayong'oa kituoni abiria wangali wanapanda. Kwa hiyo uwezo wa bingwa hushuka zaidi.

Ndiyo maana timu kubwa huweka kambi ya wiki mbili au tatu kwenye mlima Teide, kisiwani Tenerife, ambako kuna hoteli kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,100. Ndani ya saa chache figo huhisi uhaba wa oksijeni na kutoa homoni ya erithropoietini, nayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi. Uhaba huo upo mtu akiwa kwenye baiskeli, na upo akiwa kitandani. Kinachohesabika ni saa za kukaa juu: kwa wastani, kila saa 100 huongeza himoglobini ya mwili mzima, yaani protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, kwa asilimia 1 hivi. Bila akiba ya madini ya chuma, ongezeko hilo halipatikani, hata mtu akikaa huko mwezi mzima.

Kujichosha juu huko ni jambo jingine. Nguvu ya kukanyaga pedali, inayopimwa kwa wati, hushuka, na misuli inazoea kazi ndogo kuliko ile ya siku ya mashindano. Mwaka 1997 Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walichapisha utafiti wao kuhusu wakimbiaji. Walioishi mita 2,500 na kushuka hadi mita 1,250 kufanya mazoezi walikimbia mita 5,000 kwa kasi zaidi. Walioishi na kufanya mazoezi juu waliongeza seli nyekundu vilevile, ila kasi yao haikuongezeka. Kwangu mimi, hilo ndilo somo ambalo makocha wetu wangepaswa kulishika kwanza.

Tahadhari moja. Siku za mwanzo maji ya damu hupungua, na kipimo cha kawaida huonyesha himoglobini imepanda kumbe damu imekolea tu. Ili kujua ukweli, wataalamu humvutisha mwanamichezo kiasi kidogo cha gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania himoglobini, kisha hukokotoa jumla yake. Ni kipimo halali kikifanywa na daktari. Lakini gesi hiyo ikivutwa tena na tena huunyima mwili oksijeni, hivyo inaweza kutumiwa kuiga mlima bila kuupanda. Februari 2025 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilipiga marufuku matumizi hayo ya kurudiarudia. Nauunga mkono uamuzi huo bila kusita, maana gesi hiyo ndiyo inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa chumbani.