Busia na Tororo: Lenzi Kwanza, Bodi Baadaye

Mtu akiingia duka la kamera, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kampala Road jijini Kampala, swali lake la kwanza huwa ni megapikseli. Muuzaji hufurahi, kwa kuwa swali hilo ni jepesi kulijibu: 18, 24, 32, na kila namba ina bei yake. Kwa mkazi wa Busia au Tororo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, anayepiga picha kwa mapenzi, tena kwa pesa za kudunduliza, swali hilo humpotezea fedha. Picha ya kuchapwa vizuri kwenye karatasi ya A4 inahitaji megapikseli zipatazo 9 tu. Nikon D90, iliyotoka mwaka 2008, ina 12. Karibu kila bodi, yaani kamera bila lenzi, iliyomo kwenye kabati la vioo, hata ile kuukuu kabisa, imeshavuka kiwango hicho. Kinachobaki kuamua uzuri wa picha ni mwanga, na mwanga huingia kupitia lenzi.

Jua la mpakani

Busia iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na Tororo haifiki digrii moja. Adhuhuri jua hukaribia utosi. Zaidi ya hayo, saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, ilhali miji hii iko kwenye digrii 34. Ndiyo maana jua la hapa hufika kileleni karibu saa saba kasorobo, si saa sita kamili. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, uso wa mwendesha boda boda aliyesimama barabarani huwa na vivuli vyeusi machoni, na mabati ya mapaa nyuma yake yanang'aa kupita kiasi.

Jioni nayo haikawii. Jua huzama karibu saa moja kasorobo, kisha mwanga wa machweo hudumu dakika 20 na kidogo. London mwezi Juni hudumu zaidi ya mara mbili ya hapo. Mpiga picha wa Ulaya anayesifu mwanga wa jioni ana muda wa kufungua stendi na kubadilisha lenzi, wewe huna.

Kwa hiyo picha nyingi nzuri za watu katika miji hii hupigwa barazani: chini ya paa la duka, penye fundi cherehani, kinyozi, muuza vitenge. Hapo jua halimpigi mtu moja kwa moja. Mwanga hugonga barabara, ukamrudia usoni ukiwa umelainika. Ni mwanga mzuri sana kwa ngozi zetu, ila ni mchache, na uchache huo ndio unaoiweka lenzi kwenye mtihani.

Kamera nyingi za bei nafuu huuzwa na lenzi kama ya milimita 18 hadi 55. Ukiivuta mpaka 55, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Namba za f huenda kinyume: namba ikipungua, tundu linapanuka. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo haivuti, hupitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Mfano: ikiwa barazani kwa f/5.6 kamera inahitaji kufungua shata kwa sekunde 1/15, kwa f/1.8 itahitaji takribani 1/160. Kwa 1/15 mkono wa fundi unaosukuma kitambaa utatoka kama moshi. Kwa 1/160 utahesabu vidole.

Sasa linganisha na faida ya bodi. Kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, huja kwa ukubwa mbalimbali. Kile kikubwa ni milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya zamani. Cha kati, kinachoitwa APS-C, ni takribani 23.5 kwa 15.6 katika Nikon, Sony na Fujifilm, na 22.3 kwa 14.9 katika Canon. Cha Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13. Kuhama kutoka APS-C hadi kikubwa huongeza eneo mara 2.4 hadi 2.6 hivi, na gharama yake hujumuisha bodi na lenzi zote. Lenzi moja ya f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa katika chapa nyingi, inakupa karibu mara kumi.

Upana gani?

Kihisi kidogo hukata kingo za picha, hivyo lenzi huonekana imesogea karibu. Katika APS-C zidisha milimita kwa 1.5, au 1.6 ukiwa na Canon. Katika Micro Four Thirds zidisha kwa 2. Lenzi ya 50 juu ya APS-C hutoa picha ya upana wa 75 au 80. Inafaa uso na mabega, lakini ndani ya baraza jembamba itakurudisha nyuma mpaka uingie barabarani kwenye malori. Kwa kazi za kila siku nashauri 35 f/1.8 kwa Nikon ya APS-C, na kwa Canon ya aina hiyo EF-S 24 f/2.8, nyembamba isiyowashtua watu, au 50 f/1.8 ikiwa unapenda nyuso zaidi.

Sokoni, penye msongamano wa watu na mizigo, 24 hadi 35 hutosha. Juu ya Mwamba wa Tororo, ulioinuka kama mita 300 juu ya mji, wengi hutamani lenzi ndefu ili wauvute Mlima Elgon. Mlima huo uko zaidi ya kilomita 50 kutoka hapo, na lenzi ndefu huvuta ukungu na vumbi pamoja na mlima. Dawa yake ni kupanda mapema asubuhi, baada ya mvua ya usiku. Lenzi ile ile ya 18-55 itakutosha, kwa sababu huko juu mwanga ni mwingi na f/8 ndiyo utakayotumia.

Ndege wana sheria yao. Kwenye mafunjo ya Sio Port na kingo za Ziwa Victoria yuko tiva wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa njano. Huishi ndani ya majani mazito na hajitokezi kwa muda mrefu. Chini ya milimita 300 utarudi na nukta nyekundu. Lenzi ya 70-300 au 55-250 iliyotumika ni mwanzo mzuri, na 400 ni bora zaidi. Mpenda ndege, au anayepiga mpira wa miguu, ana haki ya kuanza na lenzi ndefu, akaiacha f/1.8 isubiri.

Ukioa, umeoa na ukoo

Kila chapa ina mdomo wake, pale lenzi inapofungwa. Kununua bodi ni kuoa: unaingia katika ukoo mzima wa lenzi, adapta na flashi, na talaka yake ni ghali. Ndiyo sababu uamuzi wa mdomo unapaswa kutangulia uamuzi wa bodi.

Nikon imeutumia mdomo wa F tangu mwaka 1959, na Canon imeutumia EF tangu 1987. Urithi huo umejaza Afrika Mashariki lenzi za mtumba. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilileta midomo mipya kwa kamera zisizo na kioo: Z kwa Nikon na RF kwa Canon. Sony walikuwa wameanza na mdomo wa E mwaka 2010. Lenzi za EF na EF-S hufanya kazi vizuri kwenye bodi za RF kwa adapta, kwa hiyo anayenunua lenzi ya EF leo hajafunga njia ya kesho.

Mitego iko midogo midogo. Bodi za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kufokasi, hivyo lenzi za zamani za AF-D utazifokasi kwa mkono. Kinyume chake, lenzi mpya za AF-P hazifanyi kazi kwenye bodi kama D90 na D7000. Lenzi za EF-S hazifungi kabisa kwenye bodi za Canon zenye kihisi kikubwa. Na kamera za Canon za EOS M, zilizoanza 2012 na kukoma 2023, huonekana rahisi sana. Lenzi zake haziingii kwenye RF hata kwa adapta. Rahisi huvunja upishi.

Kwa mkazi wa mpakani naongeza kigezo kingine: uliza wapiga picha wa arusi wa mji wako wanatumia mdomo gani. Huko ndiko utakakoazima betri siku yako ikizima, utakakojaribu lenzi kabla ya kuinunua, na utakakomuuzia mtu lenzi uliyoichoka. Bodi bora isiyo na jamaa hata mmoja kutoka Malaba hadi Port Victoria ni upweke wa kujitakia.

Bodi inapostahili kutangulia

Yako mambo matatu ambayo lenzi haiyawezi. La kwanza ni kadi mbili. Anayelipwa kupiga arusi hawezi kurudia kiapo kanisani, na bodi inayoandika picha kwenye kadi mbili kwa pamoja ni bima yake. La pili ni kufokasi gizani na kumfuata mtu anayekimbia. Hapo kamera za karibuni zisizo na kioo, zinazotambua jicho, zimeziacha mbali zile za zamani.

La tatu linatuhusu sana. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mweke bibi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa gomesi nyeupe mbele ya anga linalong'aa, kamera itapunguza mwanga, na uso wake utapotea. Mpiga picha mzoefu hurekebisha kwa kuongeza mwanga hatua moja au mbili. Kamera isiyo na kioo humwonyesha mpiga picha kosa kabla hajabonyeza, na kwa anayejifunza hiyo ni faida kubwa kuliko megapikseli zozote.

Mvua, vumbi na forodha

Rekodi za miaka 1967 hadi 1976 ziliipa Tororo wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, miongoni mwa viwango vya juu kabisa kuwahi kunukuliwa duniani. Bodi iliyozibwa dhidi ya maji inavutia, lakini ikifungwa lenzi isiyo na mpira mdomoni, maji yatapita hapo hapo. Kama pesa haitoshi kwa vyote viwili, mfuko wa plastiki na taulo vinatosha. Vumbi la barabara za murram na la kiwanda cha saruji ni sababu nyingine ya kupenda lenzi isiyobadilishwa mara kwa mara. Unyevu wa ukanda wa ziwa nao huotesha kuvu ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika.

Ukinunua mtumba, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Piga anga kwa f/16 uone madoa kwenye kihisi. Uliza shata imepigwa mara ngapi. Bodi nyingi za bei nafuu hukadiriwa kudumu mapigo 100,000, na mpiga arusi wa fremu 1,500 kila Jumamosi hufikisha 78,000 kwa mwaka mmoja.

Bei ikiwa nafuu ng'ambo ya mpaka, piga hesabu nzima. VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa wafanyabiashara wadogo, chenye kikomo cha dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kamera iliyoundwa Japani au Thailand haimo. Kituo cha pamoja cha Busia kina maofisa wa mamlaka za kodi, KRA ya Kenya na URA ya Uganda, mahali pamoja, basi waulize kabla hujalipa dukani. Kamera yako ya zamani itembee na risiti yake. Na ukiwa kituoni hapo usiitoe mkobani bila ruhusa, kwani eneo la forodha na uhamiaji si mahali pa kujaribia lenzi.

Uamuzi wangu, basi, ni huu: mwenye pesa ya kubahatisha mara moja anunue bodi ya APS-C ya mtumba ya Canon au Nikon, iliyokaguliwa vizuri, pamoja na lenzi moja ya f/1.8 au f/2.8 isiyovuta. Ya pili iwe ndefu, kama anataka ndege au mpira. Bodi mpya ije ya tatu.

Ukisitasita kati ya 24, 35 na 50, azima kamera yenye 18-55, uitumie wiki moja sokoni, nyumbani na kanisani au msikitini, kisha fungua picha kwenye kompyuta. Kila faili imeandikwa milimita ulizotumia. Namba inayojirudia zaidi ndiyo lenzi yako, kanunue hiyo.