Nyasi ya Mguu wa Bata Mzinga

Kila mfugaji ajua ya kuwa mbuga yaweza kuwa kijani kibichi na huku malisho yake yameharibika. Huko Marekani iko nyasi moja ambayo kuwapo kwake ni dalili ya malisho mema. Wataalamu wa mimea huiita Andropogon gerardii, na wenyeji huiita mguu wa bata mzinga. Ni jamaa ya mtama, mahindi na muwa, lakini haipandwi kila mwaka. Wakati wa baridi hunyauka juu, na ifikapo joto mizizi huchipua tena.

Mtu atakaye kuitambua na atazame mambo matatu. Kwanza kimo chake, maana yaweza kupita mita 2 na kumficha mtu. Pili bua, ambalo likiwa changa huwa na rangi ya samawati, kisha mwisho wa kiangazi hugeuka jekundu kama shaba. Tatu suke, ambalo mara nyingi hugawanyika vidole 3 mfano wa mguu wa ndege. Ndiyo asili ya jina lake. Huota pamoja na nyasi nyingine ndefu, Sorghastrum nutans, lakini suke la hiyo ni la rangi ya dhahabu wala halina vidole.

Makao yake ni mbuga za katikati ya nchi, penye jua, mvua ya kutosha na udongo mzito. Mizizi yake hushuka mita 2 au zaidi, ikaushika udongo usichukuliwe na maji wala upepo. Mizizi hiyo ilipooza miaka maelfu ndiyo iliyoutia udongo weusi na rutuba. Kwa hiyo wakulima waliutamani, na baada ya John Deere kutengeneza plau ya feleji mwaka 1837, mbuga zikalimwa karibu zote. Leo haikusalia hata sehemu 4 katika 100 za mbuga hizo za nyasi ndefu. Sehemu kubwa iliyobaki ni vilima vya Flint Hills, hasa katika Kansas, kwa kuwa mawe yalizuia plau.

Ng'ombe huipenda sana, na kwa hiyo wakizidi kiasi, ndiyo itowekayo mapema, na nyasi duni hushika mahali pake. Basi mchungaji mwenye busara hatazami ukijani tu, bali huuliza ni nyasi gani iliyobaki.