Mafuta ya chupa na sumu isiyoonekana kwa macho

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, jirani yangu alinijia barazani akiwa na chupa ndogo ya kahawia. Nduguye aliyeko Marekani alimtumia. Ndani yake mna mafuta ya bangi, yale yanayoitwa CBD, na mwanawe wa miaka 9 ana kifafa.

"Kaka, wewe ulisomea mambo ya maabara," akaniambia. "Nitazamie kama naweza kumpa mtoto."

Nilimjibu kwamba kwa macho siwezi kujua. Pia nikamkumbusha kwamba sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 inakataza bangi, na chupa kama hiyo inaweza kumtia matatani. Lakini swali lake ni la haki, na najua wapo wazazi wengine wanaojiuliza kimyakimya. Acha nieleze jambo moja ambalo wauzaji huwa hawaligusi: kile kilichotumika kuyatoa mafuta hayo kwenye mmea, na kama kweli kimeondolewa.

Sisi watu wa Pwani tunajua mafuta ya mimea. Kule Wawi, Pemba, makonyo ya karafuu hutolewa mafuta kwa mvuke wa maji. Mvuke ukipoa, mafuta hujitenga na maji, kazi imekwisha. Dawa iliyomo kwenye bangi haitoki kwa urahisi namna hiyo. Viwanda vingi vya Marekani na Kanada huiyeyusha kwa ethanoli, heksani, au gesi za butani na propani. Kitu hicho cha kuyeyushia huitwa kiyeyushi. Kinachopatikana mwanzoni ni mchanganyiko wa mafuta na kiyeyushi, na kazi ngumu ndiyo inaanza hapo: kukitoa kiyeyushi bila kuiharibu dawa.

Mtu atasema, si uchemshe tu? Ethanoli huchemka kwa nyuzi 78, heksani kwa 69, na butani huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 0. Tatizo ni kwamba mafuta haya ni mazito kama asali. Kiyeyushi kikibaki kidogo, hunaswa ndani yake na hakitoki upesi. Ukizidisha moto ili kukifukuza, dawa hubadilika na harufu ya mmea hupotea.

Njia ya wataalamu ni kupunguza hewa badala ya kuongeza moto. Kileleni mwa Mlima Kenya maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa, yaani chenye ombwe, ethanoli inaweza kuchemka chini ya nyuzi 40.

Kwa hiyo vyombo huchaguliwa kwa hatua. Kiyeyushi kikiwa kingi na ni cha majimaji, hutumika chupa ya duara inayozunguka ndani ya maji ya vuguvugu huku pampu ikifyonza hewa. Mvuke hupita kwenye bomba la baridi, ukawa maji tena na kukusanywa. Kiwanda kikubwa hutumia mabomba marefu yaliyosimama, mchanganyiko ukiteremka ukutani kama utando mwembamba. Mabaki ya mwisho huondolewa kwenye oveni ya ombwe: mafuta hutandazwa membamba kwenye sinia, yakaachwa kwa joto dogo kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa.

Ubora wa oveni hiyo uko kwenye mambo yasiyoonekana dukani. Je, kila rafu inapata joto sawa, au kona moja inaungua na nyingine bado ni mbichi? Je, mpira wa mlango unastahimili kiyeyushi? Je, pampu inatumia oili? Mvuke wa kiyeyushi huichafua oili hiyo, na mvuke wa oili unaweza kurudi kwenye dawa. Ndiyo maana wengi huchagua pampu isiyo na oili, tena wakaweka mbele yake chombo cha baridi kali cha kunasa mvuke. Na mvuke wote lazima utolewe nje, mbali na cheche yoyote.

Hapo kwenye cheche ndipo watu wameumia. Butani ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ikutane na moto. Huko Colorado, madaktari wa majeraha ya moto waliandika jinsi walivyozidi kuwapokea watu walioungua wakikamua mafuta ya bangi majumbani kwa butani. Gesi ya mtungi wa jikoni kwetu ni ya jamii hiyohiyo, na imetiwa kemikali ya harufu ili tugundue inapovuja. Yeyote anayedhani atafanya kazi hii kwa mtungi na jiko anacheza na nyumba yake na ya jirani.

Sasa, kiasi gani kikibaki ni hatari? Miongozo ya kimataifa ya dawa huruhusu heksani isiyozidi sehemu 290 kwa milioni, yaani miligramu 290 katika kilo nzima. Ethanoli huruhusiwa hadi 5,000. Heksani imebanwa zaidi kwa sababu huharibu neva. (Kama ethanoli iliyobaki inaingia katika hukumu ya pombe, hilo nawaachia masheikh.) Viwango hivyo havipimwi kwa pua wala ulimi. Hupimwa kwa mashine ya maabara, kila mkupuo wa uzalishaji na cheti chake.

Tulikitafuta cheti cha chupa ya jirani yangu kwa simu. Kiasi cha CBD kilikuwapo. Kwenye mstari wa viyeyushi paliandikwa: haikupimwa.

Sikusema kwamba mafuta yale ni sumu, maana sijui. Nilimwambia kwamba aliyeyatengeneza naye hajui, au hakutaka tujue. Ipo dawa ya kweli ya CBD, Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Hiyo hupimwa na hutolewa na daktari, na hata hivyo madaktari huangalia ini la mtoto.

Jirani yangu aliifunga chupa kwenye mfuko. Mtoto anaendelea na dawa zake za kliniki, na safari hii mama amejiandikia maswali ya kumuuliza daktari. La kwanza ni kwa nini degedege limezidi mwezi huu. Hilo ndilo lililomfanya aitafute chupa, na ndilo linalohitaji jibu.